Uonevu na Jukwaa la Wanafunzi: Tajiriba ya Butere, 2013 na 2025

Uonevu darasani huanza pale mwenye nguvu anapomnyima mwenziwe nafasi ya kusema. Katika uhakiki wa fasihi, hata hivyo, dhana hii haina budi kupanuliwa, kwani mwonevu si lazima awe mwanafunzi. Yamkini akawa taasisi. Historia ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, Kakamega, yalidhihirisha jambo hili.

Mnamo 2013, wasichana hao waliigiza Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala iliyohoji ugavi usio sawa wa mali na vyeo baina ya makabila. Ilipigwa marufuku kwa hoja kwamba ingezua chuki. Okiya Omtatah, ambaye mwenyewe ni mtunzi wa tamthilia, alikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaamuru iigizwe.

Miaka 12 baadaye, mambo yalijirudia kwa ukali zaidi. Echoes of War, pia ya Malala, ilisawiri vijana wanaowasaili watawala wao. Ilipoondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu iliirejesha. Hata hivyo, Malala, aliyekuwa pia mwelekezi, alikamatwa. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana walijikuta ukumbini bila mwelekezi, bila vifaa, bila hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, polisi walirusha vitoa machozi.

Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuliogopa jukwaa: mnamo 1977 ilipiga marufuku Ngaahika Ndeenda huko Kamĩrĩĩthũ na kumtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Tofauti ni kwamba Kamĩrĩĩthũ palikuwa pa wakulima na wafanyakazi. Butere ni pa watoto wa shule.

Wako waliodai kwamba wasichana walitumiwa na mwanasiasa, kwani Malala aliwahi kuwa seneta. Hoja hii ina uzito: maneno ya tamthilia hayakuwa yao. Lakini kule kuimba na kutoka kulikuwa kwao wenyewe. Hapo ndipo walipogeuka kutoka waigizaji wa matini ya mtu mzima na kuwa watunzi. Kimya kingi, wahenga walisema, kina mshindo mkuu. Mhakiki anayeisoma Echoes of War bila kulisoma tendo hilo atakuwa ameuacha ukurasa wake wa mwisho.