Jinsi ya kuhamisha matukio kutoka kalenda moja ya kidijitali hadi nyingine

MFANYAKAZI anapoacha kazi, akaunti yake ya barua pepe ya ofisini kwa kawaida hufungwa. Pamoja nayo hupotea kalenda ambamo huenda alikuwa amehifadhi tarehe ya kesi mahakamani, siku ya kumrudisha mtoto kliniki, mikutano ya chama na siku ya kulipa mkopo.

Wakati mwingine ni programu yenyewe inayofikia kikomo. Mnamo Desemba 31, 2024, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa programu ya Calendar iliyokuwa ikija na Windows, na kuwataka watumizi wahamie Outlook.

Mabadiliko kama hayo hayafai kumkosesha mtu miadi yake, kwa kuwa kalenda zote kuu zinaelewa lugha moja.

Lugha ya pamoja

Lugha hiyo ni mfumo uitwao iCalendar. Kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 1998 na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, kisha zikarekebishwa mwaka wa 2009. Faili ya mfumo huu hutambulika kwa herufi .ics mwishoni mwa jina lake.

Ndani ya faili, kila tukio huandikwa kichwa chake, mahali, saa ya kuanza na ya kumalizika, pamoja na nambari ya utambulisho, UID. Nambari hiyo huiwezesha kalenda mpya kulitambua tukio ambalo tayari inalo.

Zipo pia faili za CSV, ambazo hupanga matukio kwa safu kama jedwali la hesabu. Hizi hazina nambari ya utambulisho, na anayeziingiza mara mbili huenda akakuta kila tukio limejirudia. Palipo na hiari, .ics ndiyo bora.

Hatua za kufuata

Katika Google Calendar, kazi hii hufanywa kwenye tarakilishi wala si kwa programu ya simu. Mtumizi huingia sehemu ya mipangilio, akachagua kuingiza na kutoa data, kisha akapakua furushi la zip. Sharti furushi hilo lifunguliwe kwanza, kwani ndani yake mna faili moja ya .ics kwa kila kalenda.

Katika Outlook ya kawaida ya Windows, kalenda huhifadhiwa kupitia menyu ya faili. Hapa uangalifu unahitajika: mtumizi huulizwa ni kipindi gani na ni maelezo kiasi gani yatolewe. Akichagua kuonyesha tu nyakati alizo na shughuli, vichwa vya matukio havitahama. Kwenye tarakilishi za Apple, menyu ya faili ndiyo hutumika pia.

Faili ikishapatikana, mtumizi hufungua kalenda mpya na kuiingiza humo. Ni busara kuunda kwanza kalenda tupu na kuyaweka matukio huko. Mambo yakienda mrama, kalenda hiyo pekee ndiyo itakayofutwa.

Kunakili si kuunganisha

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Kuingiza faili ni kunakili mara moja. Mkutano ukiahirishwa baadaye katika kalenda ya zamani, ile mpya haitajua. Kuunganisha kwa anwani ya mtandao huleta mabadiliko, lakini akaunti ya zamani ikifungwa, matukio nayo hutoweka. Kwa hivyo, anayehama kabisa anahitaji nakala.

Isitoshe, anwani ya siri ya kalenda haifai kusambazwa ovyo. Yeyote aliye nayo anaweza kusoma matukio yote.

Saa na marudio

Kosa linaloumiza zaidi ni la saa. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC, mwaka mzima. Mkutano wa Nairobi wa saa tatu asubuhi, yaani 9:00, unaweza kuandikwa katika faili kama 060000Z. Hilo si kosa, mradi kalenda mpya imewekwa kwenye saa za Nairobi.

Jedwali la CSV la Google Calendar, kwa upande wake, halitaji kanda ya saa. Likiingizwa katika kalenda iliyoachwa kwenye saa za London, mkutano huo utaonekana Nairobi saa tano au saa sita mchana, kutegemea majira ya Uingereza.

Matukio yanayojirudia nayo yakaguliwe. Katika .ics, mkutano wa kila wiki ni kanuni moja inayoendelea. Katika CSV iliyotolewa na Outlook, huwa ni msururu wa matukio pweke yanayokoma kipindi kilichochaguliwa kinapoisha.

Aidha, Google Calendar haiingizi orodha ya wageni wala viungo vya mikutano ya video. Mwandalizi hulazimika kuwaalika watu upya.

Kabla ya kufuta kalenda ya zamani, yafaa kulinganisha angalau tukio moja lililopita, moja lijalo, moja linalojirudia na moja la siku nzima. Yakiwiana, faili ya .ics ihifadhiwe mahali salama nje ya akaunti ya mwajiri. Akaunti ikishafungwa, huenda hiyo ndiyo nakala pekee iliyosalia.