Umeona damu na unashuku uko na mimba? Warembo wa Meru na Embu, hizi ndizo sababu na hapa ndipo pa kukimbilia

Umeamka, umeenda choo, ukijipanguza unaona damu. Na period ilikuwa imechelewa karibu wiki mbili. Akili inaanza kukimbia: ni period imekuja late, ama ni mimba? Na kama ni mimba, ndiyo inatoka?

Wengi hapo husema "ah, imekuja tu" na kuendelea na kazi, iwe ni kuuza ndizi Gakoromone ama kuchuma muguka Mbeere. Shida ni kwamba dalili za kwanza za mimba na dalili za period zinafanana kama mapacha. Matiti kuuma, tumbo la chini kuvuta, kuchoka, kununia watu bila sababu, zote ziko pande zote mbili. Kwa hivyo kabla tuongee damu, ni vizuri ujue kama uko na ball ama huna.

Kukosa period ndiyo dalili inayojulikana zaidi, lakini inasaidia tu kama yako huja kwa wakati. Nyingine ni kukojoa kila saa, matiti kujaa mpaka sidiria inakuwa adui, na usingizi wa ajabu mchana. Halafu kuna harufu. Mutura uliyoipenda jana, leo moshi wake unakufukuza ng'ambo ya barabara. Kichefuchefu kwa wengi huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, na hakiangalii kama ni asubuhi ama jioni. Daktari huhesabu hizo wiki kuanzia siku ya kwanza ya period yako ya mwisho, si siku mliyolala pamoja, ndiyo maana hesabu yake inakuzidi kwa kama wiki mbili.

Wengine huanza kutamani odowa. Watu hucheka, lakini hamu ya mawe na udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na mtu aliye na damu kidogo akianza kuvuja anazidiwa haraka. Vile vidonge vya madini ya chuma na foliki wanavyokupea kliniki si vya kupamba kabati. Meza.

Kipimo cha mkojo cha kemisti hufanya kazi vizuri kuanzia siku ile period ilifaa kuja. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ikisema hapana na period bado haijakuja, rudia baada ya wiki moja. Waliodungwa depo ndio huchanganywa zaidi, juu ile sindano yenyewe huleta matone ya ovyo ama hukausha period kabisa. Waliomeza P2 pia: kuvuja kidogo siku kadhaa baadaye si ushahidi kwamba hukushika mimba. Pima. Na jua kitu kimoja ambacho pakiti ya kipimo haikwambii: kile kijiti kinakuonyesha kuna mimba, hakikuonyeshi iko wapi. Tutarudi hapo.

Sasa damu yenyewe. Karibu mwanamke 1 kati ya 4 huona damu katika miezi mitatu ya kwanza, na nusu yao hivi ama zaidi huendelea na mimba hadi kujifungua. Kwa hivyo damu si lazima iwe mwisho. Lakini pia hakuna damu ya mimba ambayo unaweza kuipa jina ukiwa umekaa kitandani na simu.

Iliyo nyepesi kabisa ni ile ya mimba kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi, siku 10 hadi 14 hivi baada ya kutungwa. Ni matone ya rangi ya waridi ama hudhurungi, huisha kwa siku moja ama mbili, na hayajazi pedi. Kwa sababu huja karibu na tarehe ya period, ndiyo hudanganya watu. Nyingine hutoka kwenye mlango wa kizazi, ambao wakati wa mimba huwa laini na kujaa damu, basi mkishiriki tendo la ndoa unaona doa. Lakini doa kama hilo linaweza pia kuwa la kisonono, klamidia, kinyama kilichoota, ama hata saratani ya mlango wa kizazi, mojawapo ya saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Kama linajirudia, usilaumu mzee wa nyumba tu. Enda ukaangaliwe.

Ile ya kuogopa zaidi mapema ni mimba iliyotungwa nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija. Hutokea kwa mimba 1 ama 2 kati ya 100. Huo mrija ni mwembamba, hauwezi kulea mtoto, na mimba ikikua unapasuka na damu inamwagika ndani ya tumbo. Hapa ndipo watu hukosea: damu inayoonekana nje inaweza kuwa kidogo sana, matone tu, na bado mtu anakufa. Mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya 6 na ya 8, wakati wengine hata hawajajua wako na mimba na kijiti kikipimwa kinasema ndiyo bila shida yoyote. Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia, ama maumivu kwenye ncha ya bega hata hujabeba kitu: hiyo ni hospitali sasa hivi, si kesho baada ya kukamua ng'ombe. Hatari huongezeka kama uliwahi kupata maambukizi ya kizazi, kama ilishakutokea mbeleni, ama kama umeshika mimba ukiwa na koili. Ikigunduliwa mapema kwa skani kuna dawa. Ikichelewa ni upasuaji.

Halafu kuna mimba kutoka. Hutokea kwa mimba 10 hadi 20 kati ya kila 100 zinazojulikana, nyingi kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu ya hizo za mapema ni kwa sababu chembe za urithi hazikujipanga sawa tangu siku ya kwanza. Si juu ulichuma chai Manyatta jana, si juu mlilala pamoja, wala si jicho la mama mkwe. Kulala kitandani wiki nzima pia hakujaonyeshwa kuizuia. Kuna homoni ambayo husaidia baadhi ya wanawake waliopoteza mimba mbeleni na sasa wanavuja tena, lakini hiyo ni ya daktari baada ya skani, si ya kuuziwa dirishani. Damu inayojaza pedi kila saa, mabonge makubwa, homa ama harufu mbaya ni dharura. Mara chache huwa ni mimba zabibu, ambayo haina mtoto anayeweza kukua na lazima isafishwe hospitalini.

Na tuseme ukweli, kuna wasichana hukaa nyumbani wakivuja kwa kuogopa nesi atauliza "umetoa?" Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haijaweka sharti la kwanza kueleza ulifika aje hapo. Kama ulimeza kitu, sema ni nini, juu inabadilisha matibabu.

Miezi ya mwisho hesabu ni nyingine. Damu nyekundu iliyo freshi bila maumivu yoyote inaweza kumaanisha kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia. Usikubali mtu aingize kidole kukupima kabla ya skani kuonyesha kondo liko wapi. Damu yenye maumivu na tumbo gumu kama ubao ni kondo linabanduka, na hapo tena damu nyingi inaweza kufichika ndani. Presha ya juu huchangia. Miraa na muguka hupandisha presha na kukata hamu ya kula, kwa hivyo daktari akikuuliza kama unatafuna, usimfiche. Kama uliwahi kuzaa kwa upasuaji, maumivu ya ghafla kwenye kovu pamoja na damu hayangojwi. Ute mzito wenye damu kidogo karibu na tarehe yako, huo ni uchungu unabisha hodi.

Kufika hospitali ndiyo kazi. Zahanati itakuwekea maji ya mshipa na kukuandikia rufaa, lakini haina chumba cha upasuaji. Upande wa Igembe kuna Maua Methodist, Meru mjini na Embu mjini kuna hospitali kubwa za rufaa, na katikati ya barabara ya Embu kwenda Meru kuna Chogoria, iliyoanza 1922. Ukiwa mbali kule Ishiara ama Mutuati, weka pesa ya gari kando mapema na nambari ya jirani mwenye gari. Ikibidi ni nduthi, usikae nyuma peke yako ukiwa na kizunguzungu. Mtu wa pili akae nyuma akushike. SHA jisajili sasa, si siku ya kulazwa. Na watu wa nyumbani wajiandae kutoa damu. Embu iko na kituo cha damu cha eneo zima, lakini bila watu kutoa, friji ni friji tu.

Vaa pedi, si kitambaa, na uhesabu umebadilisha ngapi. Usiingize chochote, wala usinywe dawa ya miti shamba. Beba kile kitabu cha kliniki, juu kimeandikwa aina yako ya damu. Kama ni ya hasi, mwambie daktari mara moja: kuna sindano inayofaa kudungwa ndani ya saa 72 baada ya kuvuja, ili mwili wako usije ukapigana na mimba inayofuata.