Mipaka ya Ushahidi wa Foraminifera Wakubwa katika Ukadiriaji wa Umri wa Miamba: Kilwa na Bonde la Rukwa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, umekaa juu ya miamba migumu ya Ukanda wa Ubende yenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka hadi bonde la ufa la Rukwa, ambalo kusini mwake huonekana matabaka manene ya mawe ya mchanga mwekundu. Umri wa matabaka hayo ulibishaniwa kwa miongo kadhaa: wapo walioyaweka katika zama za Kretasia au kabla yake, na wapo walioyaona kuwa ya zama za Miosini. Insha hii inatetea hoja kwamba ubishi huo ulirefushwa na kukosekana kwa visukuku vya bahari, ambavyo pwani vilirahisisha kazi hiyo.

Miongoni mwa visukuku hivyo ni foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga gamba lenye vyumba. Alcide d'Orbigny, aliyewapa jina hilo mwaka 1826, aliwaainisha pamoja na jamii ya pweza na ngisi kwa kutazama umbo la gamba. Mwaka 1835 Félix Dujardin alionyesha kuwa mwili wao ni sahili mno. Uainishaji wa baadaye ukaegemea ukuta wa gamba na mpangilio wa vyumba vya ndani. Ukubwa ulizuka mara kadhaa katika koo tofauti. Nummulites, wenye umbo la sarafu, baadhi yao walifikia sentimita kadhaa. Kwa kuwa koo hizo zilibadilika upesi na kuenea mbali, mfuatano wake hutumika kama kalenda.

Katika mashapo ya Kilwa, kutoweka kwa baadhi ya koo hizo karibu na mwisho wa Eosini, takriban miaka milioni 34 iliyopita, kumesaidia kutambua mpaka wa zama.

Mashapo ya Rukwa, kinyume chake, yaliwekwa na mito na maziwa. Kalenda hiyo haikuweza kutumika. Suluhisho lilipatikana katika majivu ya volkano yaliyomo kwenye matabaka ya Nsungwe, ambayo madini yake yalipimwa na kuonyesha umri wa takriban miaka milioni 25. Matabaka ya Galula yaliyo chini yake yakabaki ya Kretasia. Bila kipimo hicho, taya la Rukwapithecus, lililotangazwa mwaka 2013, lisingetambuliwa kuwa miongoni mwa masalia ya kale kabisa ya nyani wasio na mkia. Kwa hiyo, thamani ya kisukuku katika kupima wakati hutegemea kwanza mazingira yaliyokihifadhi.