Mizani na Maji: Historia Fupi ya Uaminifu Wetu

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, twaona yafaa kukumbuka jambo lisilotajwa sana katika hotuba, nalo ni maji yaliyojificha ndani ya mazao.

Fundi wa kukereza mbao hapa Igogo haweki gogo bichi katika keezo. Hupima kipande kwa mizani, hukiacha kivulini, kisha hukipima tena. Uzito usipopungua tena, ndipo ajuapo kwamba kimekauka. Akifanya haraka, bakuli litapinda na kupasuka likiwa mikononi mwa mnunuzi. Nasi wakulima wa pamba tuna keezo letu, yaani kinu cha kuchambulia.

Wazee wetu waliingia katika ushirika kwa ajili ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walishuku kwamba wanunuzi wanawapunja, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mwaka uliofuata Shirikisho lilipata kinu chake cha kwanza, huko Kasamwa, Geita.

Basi mizani ikawa yetu, na jaribu jipya likaingia. Aliyekuwa akipunjwa aliweza sasa kupunja, kwa kunyunyizia pamba maji usiku wa kuamkia mnada. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Lakini jaribu lile halikuvunjwa.

Na tuhesabu. Mwanachama aleta kilo 100, na ndani yake kilo 10 ni maji aliyoyatia. Alipwa kwa kilo 100. Ghalani zabaki 90. Kilo 10 zilizopotea hulipwa na wanachama wote, naye akiwamo. Tena hasara haiishii hapo. Pamba yenye maji hupata joto katika lundo, huota ukungu, nyuzi hubadilika rangi, na mbegu hupoteza nguvu ya kuota. Kinuni husokotana na kukwamisha mashine. Hivyo pamba safi hugeuka kuwa fifi.

Kipimo cha shambani ni rahisi: uma mbegu kwa meno. Ikivunjika kwa mlio, pamba ni kavu. Ikibonyea, irudishwe juani. Karani mwenye kipimo cha umeme asipokee pamba yenye unyevu unaozidi 12 katika 100, hata ikiwa ni ya mwenyekiti au ya ndugu yake.

Wanachama wenzetu, wazee wetu walidai mizani ya haki kutoka kwa wageni. Yatupasa sisi kuidai kutoka kwetu wenyewe.