Nebraska (albamu)

Nebraska ni albamu ya sita ya studio ya Bruce Springsteen, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa rock kutoka New Jersey, Marekani. Ilitolewa na kampuni ya Columbia Records tarehe 30 Septemba 1982, ikiwa na nyimbo 10.

Kurekodiwa

Ingawa huhesabiwa kuwa albamu ya studio, nyimbo zake zilirekodiwa nyumbani. Januari 1982, katika nyumba aliyopanga Colts Neck, Springsteen aliimba peke yake, akapiga gitaa na harmonika, na kunasa sauti kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne. Alikusudia kuitumia kaseti hiyo kuifundishia tu bendi yake, E Street Band, nyimbo hizo. Bendi ilizirekodi upya jijini New York, lakini sauti nzito ya vyombo ikaufuta upweke uliozipa nyimbo hizo nguvu. Hivyo kaseti ile ile, aliyokuwa ameizungusha mfukoni bila kasha, ndiyo iliyotolewa. Mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri kwa sababu ya udhaifu wa sauti yake. Baadhi ya tungo za kipindi hicho, ukiwamo "Born in the U.S.A.", ziliingia kwenye albamu yake ya 1984.

Maudhui

Nyimbo nyingi husimuliwa na watu waliokwama kimaisha. Msimulizi wa wimbo uliobeba jina la albamu ni Charles Starkweather, kijana aliyeua watu 11 katika majimbo ya Nebraska na Wyoming kati ya 1957 na 1958. "Johnny 99" unamhusu mfanyakazi aliyeua baada ya kiwanda cha magari kufungwa, na katika "Highway Patrolman" askari polisi anamwacha ndugu yake mhalifu avuke mpaka kuingia Kanada. Mwaka 1982 ukosefu wa ajira Marekani ulipita asilimia 10, kwa hiyo visa hivyo havikuwa mbali na maisha ya wasikilizaji.

Mapokezi

Springsteen hakufanya ziara ya kuitangaza. Hata hivyo, albamu ilifika nafasi ya 3 Marekani na Uingereza, ingawa iliyoitangulia, *The River* (1980), ilikuwa imeongoza chati za Marekani. Wahakiki wengi waliusifu ujasiri wa msanii maarufu kutoa kazi kavu kiasi hicho. Mwaka 2020 jarida la *Rolling Stone* liliiweka nafasi ya 150 katika orodha yake ya albamu bora 500.

Athari

Johnny Cash aliimba upya nyimbo mbili za albamu hii mwaka 1983. "Highway Patrolman" uliipa msingi filamu ya Sean Penn, *The Indian Runner* (1991), na mwaka 2025 ikatolewa filamu kuhusu utengenezaji wa albamu yenyewe. Miongoni mwa kazi za Springsteen, hakuna inayothibitisha kwa uzito kama hii kwamba wimbo uliotungwa vizuri hauhitaji pambo.