Fomu Sita Iko Ng'ambo

Pale Malaba, daraja moja tu linakutenganisha na darasa tofauti kabisa la Kiingereza. Upande wetu, kila mwanafunzi wa 8-4-4 husoma vitabu teule, apende asipende. Sarufi, insha na riwaya zimefungwa pamoja kwenye somo moja, na mwisho wa safari ni karatasi tatu za KCSE. Ng'ambo, Fasihi ya Kiingereza ya Fomu Tano na Sita ni ya wachache walioichagua. Anayesoma HEL, yaani Historia, Uchumi na Fasihi, atarajie miaka miwili ya kusoma polepole, Shakespeare bila kukwepa, na shairi asilowahi kuliona, alichambue mwenyewe kwenye mtihani. Hapo mwongozo haumsaidii mtu.

Darasa hilo lilikuwa letu pia. Kenya na Uganda ziliwahi kuwa na baraza moja la mitihani, na Fomu Sita ilikuwa pande zote mbili.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hawakusema tusome kidogo. Walisema tuanze na sisi wenyewe, kisha tusome dunia.

Vitabu vikabadilika kweli. Halafu 8-4-4 ikaingia mwaka 1985, na kufikia 1990 Fomu Sita ilikuwa imezikwa. Tulipata vitabu vyetu, tukapoteza muda wa kuvisoma. Baadaye Wakenya waliokosa alama za chuo wakaanza kuvuka kutafuta Fomu Sita Uganda, labda kwa boda boda, neno lililozaliwa kwenye mpaka huu huu.

Mimi niliacha chuo, kwa hiyo sina digrii ya kutetea. Lakini najua kusoma riwaya si sawa na kusoma mwongozo wa riwaya.

Sasa, tangu Gredi 10 ianze Januari 2026, Fasihi ya Kiingereza imerudi kama somo la kuchagua. Sawa. Ila uchaguzi unahitaji mwalimu na vitabu. Shule ndogo za kutwa za Busia zisipopata, somo litabaki la shule kubwa, na mtoto wa hapa atazidi kutazama ng'ambo.