Sengu ya Wamatengo na Shule ya Athene



Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba kila anayejiandaa kwa upadre asome falsafa kwa miaka miwili kamili. Waamini kadhaa hutuuliza: Wagiriki wapagani, waliokufa kabla ya Kristo, wanatufaa nini? Swali hili latugusa sisi wa Mbinga, kwani linawahusu pia wazee wetu walioishi na kufa kabla Wabenediktini hawajafika Peramiho mwaka 1898.

Socrates, aliyenyweshwa sumu kwa hukumu ya mji wa Athene mwaka 399 K.K., hakuacha kitabu. Aliwauliza watu sokoni haki ni nini na ujasiri ni nini, akiwahimiza kuitunza roho kuliko mali. Mwanafunzi wake Plato alizitaja fadhila nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Hizo ndizo tunazofundisha katika katekesi, nazo zimo zote nne katika Kitabu cha Hekima, sura ya 8, aya ya 7, kitabu kilichoandikwa kwa Kigiriki.

Aristotle (384–322 K.K.), mwanafunzi wa Plato, aliongeza jambo ambalo mkulima wa milima ya Umatengo hulielewa upesi: fadhila hupatikana kwa kutenda mara kwa mara mpaka iwe tabia. Ngolo nazo ni hivyo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, wanawake huyafukia kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati hukinga maji ya mvua yasibebe rutuba. Kazi hiyo hurudiwa mwaka hata mwaka. Basi, anayengoja siku ya malipo ya kahawa ndipo ajifunze kiasi ni sawa na anayechimba ngolo baada ya udongo kwisha kuteremka bondeni. Nyumba ngapi zimelia kwa sababu hiyo!

Aristotle alifundisha pia kwamba ujasiri hukaa katikati ya woga na ujuba. Mvuvi wa Mbamba Bay asiyethubutu kamwe kuingia ziwani hatalisha watoto wake. Naye anayeingia huku akiona dhoruba inakuja atawaacha yatima.

Wazee wetu hawakuwasoma Wagiriki, lakini walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja, wakasuluhisha magomvi, na vijana wakajifunza kwa kuwasikiliza wakubwa. Hapo busara na haki zilipata shule yake. Mtakatifu Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Roma yapata mwaka 165, alifundisha kwamba walioishi kwa kumfuata Neno, Socrates akiwa mmojawapo, walikuwa wa Kristo kabla hawajalisikia jina lake. Tusiwadharau, basi, wazee waliomwita Mungu Chapanga, wakatenda haki kadiri ya mwanga walioupata.

Hata hivyo falsafa ina mpaka wake. Plato aliuona Wema ulio juu ya vyote, ambao roho huupandia kwa taabu. Aristotle alimfikia Mwendeshaji asiyeendeshwa na yeyote, anayejitafakari mwenyewe tu. Mtakatifu Augustino, ambaye Seminari Kuu ya Peramiho ina jina lake, anasimulia kwamba katika vitabu vya wafuasi wa Plato alimkuta Neno aliyekuwa kwa Mungu, lakini hakumkuta Neno aliyefanyika mwili. Wagiriki walijua kwamba inatupasa kupanda. Injili yatangaza kwamba Yeye ameshuka kututafuta.

Ndugu wapendwa, sengu ya zamani imefifia, na katika nyumba nyingi kila mtu hula kwa saa yake. Juma hili tujipangie walau mlo mmoja pamoja na watoto wetu, tuwaulize kama Socrates: haki ni nini? Kisha tuwe tayari kuulizwa na wao kama sisi wenyewe tunaitenda.

Mungu awabariki.